Upanga, Hulka na Kinanda: Historia ya Kupunguza kwa Ajili ya Kuimarisha

Kitenzi cha Kilatini *temperare*, ambacho Kiingereza kimekirithi kwa umbo la *temper*, kilihusu kuchanganya vitu kwa kipimo kinachofaa, kama Warumi walivyotia maji katika divai kabla ya kuinywa. Kwa wazo hilohilo la kuchanganya, waganga waliofuata mafundisho ya tabibu Galen, wa karne ya 2, waliamini kuwa hulka ya mtu hutokana na uwiano wa majimaji manne ya mwili, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nao matabibu walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, waliuita uwiano huo *mizaj*, neno ambalo pia lina asili ya kuchanganya. Kwamba Kiingereza cha leo hulitumia neno lake kwa maana ya hasira ni kioja, kwa sababu hapo zamani lilitaja utulivu ambao mwenye hasira ameupoteza.

Wahunzi, ambao kazi yao pia Kiingereza huiita *temper*, ndio waliounganisha kupunguza na kuimarisha. Feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo, ikipashwa moto hadi iwe nyekundu kisha ikazamishwa ghafla majini, huwa ngumu kupindukia, lakini upanga wa namna hiyo huvunjika kama kioo. Kwa hiyo mhunzi huurudisha motoni, safari hii kwa joto la nyuzi 200 hadi 300 hivi za Selsiasi, huku akitazama rangi ya utando unaojitokeza juu ya chuma kilichosuguliwa: manjano hafifu hufaa wembe, zambarau hufaa tindo, na buluu hufaa kamani ya saa, ambayo lazima inyumbuke. Kabla ya kuwapo vipimajoto, jicho ndilo lililokuwa kipimo. Ugumu kiasi hupotea na ustahimilivu hupatikana kwa tendo hilohilo moja, ingawa kamusi za Kiingereza huorodhesha maana hizo mbili za *temper*, kupunguza na kuimarisha, kana kwamba zinapingana.

Mwaka 1722, ambapo mwanasayansi Réaumur wa Ufaransa alichapisha kitabu chake kuhusu feleji, ndio pia mwaka ulioandikwa na mtunzi wa muziki Bach kwenye juzuu ya kwanza ya *Das wohltemperierte Klavier*, mkusanyiko wa vipande vya kinanda unaobeba neno hilohilo la *temperare*. Miachano kumi na miwili ya sauti inayoitwa ya tano, ikipatanishwa kwa usafi kamili, huzidi kidogo oktava saba, hivyo fundi hulazimika kupunguza baadhi yake ili kinanda kipigike katika funguo zote. Mtindo wa kuipunguza yote kwa usawa ulienea Ulaya katika karne ya 19.