Elfu Ishirini na Tano: Mzozo wa Utaratibu wa Kukokotoa katika Historia

1. Utangulizi

Mtu akiambiwa kwamba deni lake ni shilingi "elfu ishirini na tano", atalipa kiasi gani? Wengi watajibu kuwa ni 25,000. Hata hivyo, sarufi haimkatazi mdaiwa kudai kuwa ni 20,005. Usemi ni mmoja, lakini miundo ni miwili. Katika muundo wa kwanza, ishirini na tano hujumlishwa, kisha jumla yake huzidishwa kwa elfu. Katika muundo wa pili, elfu huzidishwa kwa ishirini, kisha tano huongezwa.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mzozo wa muda mrefu miongoni mwa wanahisabati, kuhusu tendo lipi litangulie katika hesabu iliyoandikwa kwa utata, ni wa aina hii hii. Ni mzozo wa sarufi ya maandishi, wala si wa ukweli wa namba. Kwa hiyo unatuhusu sisi wanaisimu zaidi ya tunavyodhani.

2. Kutoka Maneno hadi Alama

Alama za hesabu tuzitumiazo leo si za kale sana. Al-Khwarizmi, aliyeandika mjini Baghdad katika karne ya 9 kitabu ambacho jina lake ndilo asili ya neno aljebra, alieleza milinganyo yake yote kwa maneno matupu. Alama za + na − zilichapwa mjini Leipzig mwaka 1489 katika kitabu cha Johannes Widmann. Robert Recorde alileta alama ya = mwaka 1557, William Oughtred alama ya × mwaka 1631, naye Johann Rahn akaitumia ÷ kwa maana ya kugawanya mwaka 1659. Alama hizi zilizaliwa moja moja, katika nchi mbalimbali, kwa haja ya kufupisha maandishi. Hapakuwa na baraza lolote lililokaa kuamua ipi iwe na nguvu kuliko ipi. Hata hiyo ÷ yenyewe iliwahi kutumika huko Skandinavia kwa maana ya kutoa.

La kuzingatia hapa ni kile kilichopotea katika safari hiyo. Msemaji ana kituo na kiimbo. Akitaka, atatua baada ya "elfu ishirini" ili tano isikike peke yake. Mwandishi wa alama hana nyenzo hizo. Ili kufidia upungufu huo, wanahisabati walibuni mabano, na pia mstari uliochorwa juu ya namba zinazokwenda pamoja. Vivyo hivyo, sehemu iandikwayo kwa mstari wa kulala haina utata, kwani kilicho juu na kilicho chini vimetengwa wazi. Utata huingia pale ÷ inapopangwa katika mstari mmoja na alama nyingine, bila kuonyesha kigawanyo kinaishia wapi.

3. Kanuni na Desturi

Kwamba kuzidisha na kugawanya hutangulia kujumlisha na kutoa, hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi umo baina ya kuzidisha na kugawanya kwenyewe. Mwaka 1917 mwanahisabati N. J. Lennes aliandika juu ya jambo hili katika jarida la American Mathematical Monthly. Alionyesha kwamba vitabu vya shule vilifundisha kanuni ya kutoka kushoto kwenda kulia, ilhali waandishi wenyewe hawakuifuata. Tuchukue 9a² ÷ 3a. Kwa kanuni hiyo, jibu ni 3a³. Lakini kila mjuzi wa aljebra huisoma 3a kama kitu kimoja na kupata 3a. Hoja ya Lennes ingeweza kutolewa na mwanaisimu yeyote: kazi ya mwanasarufi ni kuandika maana ambayo watumiaji huielewa, wala si ile anayoona kuwa ingefaa. Aljebra, kama lugha, ina nahau zake.

Mwaka 1923, kamati ya kitaifa ya Marekani juu ya mafunzo ya hisabati ilipendekeza ÷ iachwe na sehemu zitumike badala yake. Florian Cajori, katika historia yake ya alama za hisabati iliyoanza kutoka mwaka 1928, alikiri kwamba hapakuwa na maafikiano kuhusu ipi kati ya ÷ na × itangulie. Mwaka 2019 watu wa nchi nyingi walibishana juu ya 8 ÷ 2(2 + 2), wengine wakipata 16 na wengine 1. Hata vikokotoo vya viwanda mbalimbali hutofautiana katika hesabu za namna hii.

4. Ushahidi wa Kiswahili

Katika shule zetu za Kenya, watoto hukariri BODMAS. Herufi ya pili katika ufupisho huo hufundishwa kuwa ni neno la Kiingereza lenye kazi ya "-a" unganifu. Kwa hiyo 12 ÷ nusu ya 6 ni 12 ÷ 3, yaani 4. Lakini "ya" ikibadilishwa kuwa ×, jibu kwa kanuni ya kushoto kwenda kulia ni 144. Hapa kipashio cha sarufi kimepewa cheo juu ya alama ya hesabu, ingawa vyote viwili huamuru kuzidisha. Watanzania, wanaofundisha hisabati ya msingi kwa Kiswahili, wana MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Humo "ya" haina nafasi. Aidha, mwanafunzi afuataye mpangilio huo neno kwa neno atajumlisha kabla ya kutoa, na katika 10 − 4 + 3 atapata 3 badala ya 9.

Kiswahili kina dawa yake ya utata. Tukisema "kitabu cha mwalimu kizuri", upatanisho wa ngeli hutuambia kilicho kizuri ni kitabu. Tukisema "mtoto wa mwalimu mzuri", ngeli ni moja na utata hurudi. Upatanisho basi hufanya kazi ya mabano. Namba kama elfu na ishirini hazina msaada huo, ndiyo maana baadhi ya wasemaji hubadili mpangilio na kusema "ishirini na tano elfu".

5. Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni za kukokotoa ni desturi za waandishi, na desturi hutofautiana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 80000-2 kinashauri ÷ isitumike kabisa. Mtahini anayeandika swali lenye miundo miwili kisha akamkosoa mtoto aliyechagua mmojawapo hajapima hisabati. Amepima kama mtoto alikariri desturi ya darasa lake. Kosa ni la mwandishi wa swali. Nao wanaounda istilahi za hisabati kwa Kiswahili hawana budi kukumbuka kwamba wanapochagua kati ya "ya", "mara" na "zidisha kwa", wanaamua pia ni nini kitasomwa pamoja na nini. Uamuzi huo haufai kuachiwa wanahisabati peke yao.