Mwili Nao Unasali

Huku Banalia, kandokando ya mto Aruwimi, tumesikia wazee wakinung'unika: asiyepiga magoti hasali. Tusiwacheke, ndivyo walivyofundishwa. Lakini mwaka 325 Mababa wa Mtaguso wa Nikea waliagiza wakristo wasali wakisimama siku ya Dominika na wakati wa Pasaka: ndiyo alama ya ufufuko. Magoti yalikuwa ya toba. Tena, tarehe 30 Aprili 1988, Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire: kwa wimbo wa Utukufu, padri na wasaidizi huzunguka altare wakicheza, wakati wa toba, waamini huinamisha kichwa na kupishanisha mikono kifuani. Katekista asipoeleza maana, mwili utacheza bure. Tuufundishe kusema yale moyo unayoyasadiki.