Mkebe wa penseli za cucu si wa 1952

Wasee, juzi nilikuwa shags, Wamagana, na nikaharibu hadithi ya familia mbele ya watu wote sebuleni. Wacha nieleze kabla hamjanihukumu.

Cucu ana mkebe wa bati wa penseli za rangi. Tangu nikiwa mdogo umekaa juu ya kabati, kando ya redio, na hatukuruhusiwa kuugusa. Tuliambiwa kwamba baba yake, aliyekuwa mwalimu, alimnunulia mwaka wa 1952, kabla tu ya Emergency. Sasa binamu yangu alikuwa amepata mtu wa Nairobi anayekusanya vitu vya zamani, na huyo jamaa alikuwa tayari kutoa pesa nzuri kama kweli ni vya wakati wa mkoloni. Nikaambiwa nipige picha, niandike maelezo, nipost. Si mimi ndiye mtu wa kontenti?

Shida ni kwamba niliusoma mkebe kwanza.

Ukitaka kujua umri wa seti ya penseli, anza na jina la nchi. Mkebe wa cucu ni wa Staedtler na umeandikwa "Made in W. Germany". Ujerumani Magharibi ilikuwepo kuanzia 1949 hadi Oktoba 1990. Hapo bado 1952 inawezekana, na binamu akatabasamu. Hesabu ni hiyo hiyo ukikuta "Czechoslovakia" kwenye Koh-i-Noor: nchi hiyo ilizaliwa 1918 na ikagawanyika mwisho wa 1992, kwa hivyo penseli haiwezi kuwa ya mwaka jana, hata muuzaji aape vipi.

Pili, tafuta anwani. Ndani ya mkebe kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, na anwani ya kiwanda ni "8500 Nürnberg". Hiyo namba ni msimbo wa posta. Ujerumani Magharibi ilianza kutumia misimbo ya tarakimu nne mwaka wa 1961, na 1993 zikawa tano. Hapo ndipo tabasamu la binamu lilipoisha. Kama karatasi ilikuja na mkebe, basi mkebe hauwezi kuwa wa kabla ya 1961. Kufikia mwaka huo, miaka ya Emergency ilikuwa imeshapita na Uhuru ulikuwa mlangoni.

Tatu, angalia ile mistari myeusi inayopigwa mashine kwenye supamaketi. Huko Marekani ilianza kutumika dukani mwaka wa 1974, na Ulaya ikafuata miaka michache baadaye. Mkebe wetu hauna. Si ushahidi kamili, lakini unasukuma kuelekea miaka ya sitini au sabini. (Ukiona namba zinaanza na 616, hiyo ni ya Kenya, ingawa inamaanisha tu kwamba kampuni ilisajili namba zake hapa.)

Nne, jihadhari na bei. Chini ya mkebe kuna kibandiko cha "Shs 7/50". Mjomba akasema hiyo ni pesa ya mkoloni. Inaweza kuwa, lakini shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na ya Kenya ikaja 1966, na bei zote mbili ziliandikwa kwa mkwaju huo huo. Kibandiko hakisemi lolote.

Nikatangaza hukumu: mkebe ni wa baada ya 1961. Sebule ikanyamaza. Binamu akaniambia nimekula pesa ya watu kwa mdomo. Mjomba akauliza kama namwita mama yake mwongo.

Cucu ndiye alicheka. Huniita "mzee wangu" kwa sababu nimepewa jina la guka. Akasema, "Mzee wangu, nani aliwaambia mkebe? Mimi nilisema penseli."

Akatoa rangi zote mezani, na chini kabisa, chini ya karatasi, kulikuwa na kipande kifupi kama kidole gumba, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Zile penseli za walimu na makarani, za kusahihisha. Maandishi yamefutika, imebaki "ENGLAND" nusu. Mkebe ulikuja baadaye sana, uliletwa na mtoto wake mmoja ambaye ni marehemu sasa, na cucu akaweka kipande humo kwa sababu kilikuwa kinapotea-potea. Sisi watoto tulisikia "penseli", tukaona mkebe, tukaunganisha. Miaka ikapita na ikawa ukweli wa nyumba.

Wanaokusanya penseli wanajua kitu hiki: sanduku na vilivyomo si lazima viwe wa umri mmoja. Watu hujazia. Kila kipande kinapimwa kivyake.

Kwa hivyo nikapima hicho kipande. Sikukichonga, tafadhali msichonge kitu cha zamani mkitaka kujua umri wake. Niliangalia tu mbao iliyo wazi kwenye ncha. Penseli za mkebeni zina mbao nyeupe-nyeupe isiyo na harufu. Kipande kina mbao ya rangi ya udongo mwekundu, na ukikisugua kidogo, kinanukia. Nilijua hiyo harufu. Ni ya nguzo za uwa wetu zikikatwa. Mutarakwa.

Na hii ni historia ambayo shuleni hatukuambiwa. Mutarakwa, unaoota Aberdare hapa juu yetu na Mlima Kenya, Wazungu waliuita mwerezi wa penseli. Miti ya aina hiyo Marekani ilikuwa imekatwa sana, na viwanda vya Ulaya vikaanza kutafuta mbao kwingine. Kwa Wajerumani huko Tanganyika, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mbao zilishushwa kwa waya kutoka Shume, milimani Usambara, hadi reli kule Mkumbara. Kenya nayo iliuza vibao vilivyokatwa tayari kwa penseli. Mti ulitoka hapa, ukaenda kupakwa rangi, ukarudi dukani tukaununua.

Je, kipande cha cucu ni mti wa Aberdare? Siwezi kuapa. Mwerezi wa Marekani unanukia karibu sawa. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna kitu kwenye kipande hicho kinachopinga hadithi yake.

Na hadithi yake ni hii. Baba yake alifundisha katika moja ya shule huru za Wakikuyu. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952, na serikali ikazifunga shule hizo. Alirudi nyumbani na hiyo penseli mfukoni. Kuanzia 1954 watu takriban milioni moja walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vyenye uzio, na nyumba nyingi zikachomwa. Cucu alikuwa msichana mdogo. Anasema walipewa muda mfupi wa kubeba vitu. Mama yake alibeba sufuria na mtoto. Yeye alibeba penseli.

Sasa niambieni, kile kinachopigiwa bei kilikuwa kipi? Jamaa wa Nairobi alitaka mkebe. Kipande hangekiona, angekitupa akifagia.

Maoni yangu ni haya. Watu wengi hufikiri kuchunguza tarehe ni kuwakosea wazee heshima. Mimi naona kinyume. Kama ningepost "mkebe wa 1952", mtu yeyote mwenye macho angesoma ule msimbo wa posta, aseme familia yetu ni ya uongo, na penseli ya mwalimu ingezikwa pamoja na huo uongo. Cucu hakudanganya hata siku moja. Sisi ndio hatukusikiliza vizuri.

Hatukuuza. Binamu bado amenuna kidogo, lakini ndiye aliyenishikia tochi nikipiga picha. Nimeandika karatasi mbili. Moja inasema: mkebe, Nürnberg, baada ya 1961, uliletwa na mjomba. Nyingine ina maneno ya cucu kama alivyoyasema, pamoja na tarehe niliyoyaandika.

Ukienda shags mwezi huu, shusha ule mkebe wa juu ya kabati. Usome. Halafu umuulize mwenyewe, polepole: ni kipi hasa ulichosema ni cha zamani?