Mwenyeji na Mgeni: Asili ya Tundu la Flashi

Ndugu msikilizaji, huenda unanisikiliza huko Mbeya au Iringa kwa redio ndogo yenye tundu la flashi. Tundu hilo, liitwalo USB, lina asili katika kanuni zilizotolewa mwaka 1996. Kanuni zilikata neno: mwenyeji, yaani kompyuta, ndiye atoaye umeme wa volti 5 na kuanza mazungumzo, mgeni hupokea na kujibu. Nyaya zilikuwa nne, mbili za umeme, mbili za habari. Mgeni aingiapo hupandisha umeme katika waya mmoja wa habari. Ndiyo hodi yake. Kwa kanuni za mwaka 2000, kabla hajakaribishwa haruhusiwi kutumia zaidi ya miliampia 100. Akikaribishwa, hadi 500.

Mwaka 2001 vyombo vidogo navyo vikapewa ruhusa ya kuwa wenyeji. Hapo ndipo ilipoanza taabu. Mikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya chipu moja, mara nyingi hutumia volti 3.3, na mguu wake hauwezi kubeba mzigo wa mgeni. Basi fundi hana budi kuvuta waya wa volti 5 kutoka penye nguvu, si kwenye chipu. Redio yako ikizimika kila uchomekapo flashi, kabla hujaipeleka kwa fundi jaribu kwanza betri mpya.