Kutoka kuta za Bukama mpaka Paris

Bandugu, mara nyingi tunasikia kwamba sanaa ya kisasa ya Kongo ilizaliwa Kinshasa, na Chéri Samba na wenzake wa miaka ya 1970. Hapana. Tuangalie tarehe: picha zilianza mapema, tena huku kwetu Katanga.

Mwaka 1926, Georges Thiry, Mubelgiji mutumishi wa serikali ya koloni, alipita Bukama akaona nyumba za udongo zenye picha ukutani. Muchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Bibi yake Antoinette naye alikuwa anachora. Thiry akawapa karatasi na rangi, na mwaka 1929 kazi za Lubaki zikaonyeshwa Bruxelles. Sisi wa agronomia tunajua udongo: mvua ya Desemba haihurumii ukuta. Karatasi njo iliokoa picha. Lakini karatasi ile ile njo ilizipeleka Ulaya.

Mwaka 1946, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés akafungua atelie Le Hangar hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville. Hakutaka vijana waige Wazungu. Pilipili Mulongoy akachora samaki na ndege, Mwenze Kibwanga akajaza tablo na mistari mifupi, Bela akachora na vidole.

Mwaka 2015 kazi za hawa wote zikakutana Paris, kwa Fondation Cartier, katika maonyesho Beauté Congo. Karibu na tablo iliwekwa miji ya Bodys Isek Kingelez, majumba ya kartoni na karatasi za rangi. Kuna batu wanauliza: hii ni sanamu kweli? Ndiyo. Kingelez alikuwa anatengeneza maski za zamani kwenye muzeyi ya Kinshasa, kisha akajenga Kimbembele Ihunga, kijiji alimozaliwa, kama muji mukubwa. Lubaki vilevile: mukono wa kuchonga na wa kuchora ni mumoja. Kingelez alikufa mwezi wa tatu 2015, miezi michache tu mbele ya maonyesho kufunguliwa.

Shida iko hapa: mutoto wa Bukama anahitaji viza ili aone picha za Bukama. Tusingojee Ulaya iturudishie kila kitu. Biennale ya Lubumbashi iko tangu 2008, muzeyi iko mjini. Twende, tuulize, tuandike majina ya wachoraji wa mitaa yetu wakingali wazima. Jina lisiloandikwa ni kama picha juu ya udongo: mvua inakuja tu.