Pambo na Kulabu

Mtu anunuapo motokaa hainunui yote kwa siku moja. Siku ya kwanza hutoa fedha nyingi akapewa chombo kizima chenye injini, magurudumu, viti na taa. Kisha siku zifuatazo huanza kukinunua tena kidogo kidogo. Huongeza vyuma ving'aavyo mbele, mistari ya rangi ubavuni, rimu mpya, taa juu ya paa, kulabu ya kuvutia tela nyuma, na pengine winchi ya kujikwamua. Kila kimoja kina bei yake, na kila kimoja kina sifa zisemwazo na muuzaji. Nataka, msomaji, tutazame historia ya vitu hivi, maana swali la kwamba vyafaa au havifai halikuanza jana, na majibu yaliyopatikana zamani yana faida kwako hata kama hujawa na motokaa yako mwenyewe.

Tuanzie Rhamu. Mji huu uko katika kaunti ya Mandera, ukingoni mwa mto Daua. Ng'ambo ya maji ni Ethiopia. Mto huo hushuka hadi Dolo, ambako huungana na Genale na kuufanya mto Juba. Nchi ya hapo ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, nayo imekatwa na malaga, yaani mikondo ambayo kwa kawaida haina maji. Laga huweza kuwa mchanga mtupu asubuhi, na jioni likawa mto uchukuao magogo, hali mbingu iliyo juu yako ni safi, kwa sababu mvua imenyesha mbali. Misimu ya mvua ni miwili: Gu, ambayo huanza karibu na mwezi wa Aprili, na Deyr, ambayo huanza karibu na Oktoba. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997, na tena Novemba 2023, barabara za upande huo zilikatika na miji ikawa kama visiwa. Mahali kama hapo dereva hasemi kwamba kamba na kulabu ni anasa. Lakini pia hasemi kwamba pambo ni upuzi, na sababu yake ni kongwe kuliko motokaa.

Kabla ya injini, ngamia ndiye aliyekuwa lori la nchi ile. Jamii ya wafugaji ihamapo, nyumba yote, miti yake na mikeka yake, pamoja na vyombo vya maziwa na vya maji, hupakiwa juu ya ngamia wa mizigo, nao hufungwa kamba wakafuatana mmoja nyuma ya mwingine. Kamba ile ndiyo babu wa kulabu yako. Shingoni mwa ngamia huvikwa kengele ya mti iliyochongwa, ambayo Wasomali huiita koor. Mgeni aionapo hudhani ni urembo, na kwa kweli inapendeza. Lakini kazi yake ni kumwambia mchungaji gizani ngamia yuko wapi. Hapo uzuri na kazi vimekaa nyumba moja, wala huwezi kusema kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Mikeka iwekwayo mgongoni chini ya mzigo nayo ina hesabu yake: bila hiyo mzigo huchubua ngozi, na mnyama mwenye kidonda hachukui kitu. Watu waliozoea kupima hivi kila kitu kiongezwacho juu ya mnyama hawakuwa wageni wa swali letu motokaa ilipofika.

Huko Marekani swali hilo lilijibiwa kwa njia mbili. Kiwanda cha Henry Ford kilitoa motokaa ya Model T, na tangu 1914 hadi 1925 kiliiuza kwa rangi nyeusi tu. Ilikuwa na kazi, haikuwa na madaha. Washindani wake wa General Motors wakaona mlango uko wazi; mwaka 1927 wakafungua idara ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl, kazi yake ikiwa ni sura ya gari. Tangu miaka hiyo ya 1920 chuma cha bampa kikaanza kupakwa kromu kiakisi jua kama kioo. Kufika mwaka 1959 Cadillac ilikuwa na mapezi makubwa nyuma kama samaki. Mapezi yale hayakuongeza nguvu ya injini wala hayakusaidia kukata kona, yaliuza gari. Usiwacheke upesi wanunuzi wale, msomaji. Walijua wanachokinunua, wala hakuna aliyewaambia kwamba pezi litawavusha mto.

Kenya ilishika njia yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 mafundi wa Nairobi walikuwa wakichukua chasisi za magari ya Marekani na kuyajengea mwili wa mbao, mraba kama sanduku. Halikuwa gari la kutazamwa mara mbili. Lakini lilichukua hema, pipa la maji, vyombo vya fundi na watu, na ubao uliovunjika uliweza kubadilishwa na seremala yeyote njiani.

Ugumu wa njia zenyewe ulionekana wazi katika safari ya Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella. Waliondoka Cape Town pamoja na wenzao tarehe 23 Septemba 1924 kwa magari mawili ya Crossley, wakafika Cairo tarehe 24 Januari 1926, yaani baada ya miezi 16. Mvua iliwakamata katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, na matope yakawashinda hata magari yakavutwa na ng'ombe. Fikiri jambo hilo. Injini ya kisasa ya wakati wake ilisimama kimya, ikaokolewa na mnyama, na kilichohitajika kwenye gari kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni mahali imara pa kufungia mnyororo.

Vita Kuu ya Pili ililileta somo hilo karibu na Rhamu. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, yaliishambulia El Wak, kusini mwa Rhamu, baada ya kupita porini kwa malori. Mwaka huo huo, huko Misri, Ralph Bagnold aliunda kikosi cha kusafiri jangwani hadi ndani ya Libya. Watu wake walichukua malori ya Chevrolet wakang'oa milango, paa na vioo vya mbele. Kisha wakaongeza mabamba ya chuma ya kulaza chini ya magurudumu yaliyozama mchangani, na chombo cha kukusanya mvuke wa rejeta urudi kuwa maji. Nakipenda kisa hiki kuliko vyote kwa sababu kinatupa swali ambalo muuza vifaa halitaji kamwe: kabla ya kuuliza niongeze nini, niondoe nini? Kila kilo unayoipachika kwa ajili ya sura ni kilo moja ya maji au ya chakula uliyoiacha nyuma.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu. Na rangi yake ya kijani ilitokana na akiba ya rangi ya ndege za kivita. Mwanzoni hata milango ilihesabiwa kuwa nyongeza ya kulipiwa. Lakini nguvu ya injini iliweza kutolewa nje ikazungusha winchi au mashine ya shamba, na nyuma palikuwa na nafasi ya kufungia chuma cha kuvutia. Waliolibuni walianza na kazi, urembo wakauacha ujitafutie njia. Ajabu ni kwamba siku hizi wapenzi wa magari ya kale huhangaika kutafuta kijani kile kile cha mwaka 1948, wakiona hakuna rangi nzuri kama hiyo.

Mwaka 1953 yakaanza mashindano ya Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na hapo ndipo vijana wengi wa Afrika Mashariki walipojifunza kutamani vifaa. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi 7 vilevile. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Magari ya Safari yalikuwa na taa nyingi mbele, na baadhi yake yalikuwa na vikanyagio na vishikio nyuma. Mtazamaji aliviona kuwa madoido. Lakini gari lilipoteleza matopeni, msaidizi wa dereva aliruka nje, akasimama juu ya vikanyagio vile na kurukaruka, ili uzito wake uyakandamize magurudumu yapate kushika ardhi. Waigaji wa mjini walichukua mistari ya rangi na taa, vikanyagio wakaviacha.

Kuhusu matatu nitasema machache, maana habari zake wazijua. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, ziliziamuru ziwe na mstari wa manjano, mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo, na picha nyingi za ubavuni zikafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi. Mimi nilifurahi. Mchoro wa ubavuni hauwadanganyi abiria. Wanauona, wanaupenda au wanauchukia, na breki zinabaki kama zilivyokuwa.

Udanganyifu uko kwingine, nao ndio ninaotaka uuogope. Ni pambo livaalo nguo za chombo. Nyuma ya magari mengi hufungwa kulabu yenye kichwa cha mviringo, iliyofanywa kwa kuvuta tela kwa utaratibu. Gari jingine linapokwama lagani, mtu huifunga kamba kwenye kichwa hicho na kulivuta kwa kishindo. Nguvu ya kishindo ni mara nyingi ya nguvu ya kuvuta tela barabarani. Kichwa kikikatika, kamba iliyonyooka hukirusha kama risasi, kikapita kioo cha gari. Nchini Australia, ambako watu husafiri sana jangwani, wapo waliouawa hivyo. Kwa hiyo mwenye busara hutafuta pete ya chuma iliyofungwa kwa boliti nene kwenye chasisi yenyewe. Huweka gunia zito au blanketi katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Na huwafukuza watoto wasogee mbali kuliko urefu wa kamba. Tena si kila gari lina chasisi ya namna hiyo. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, inayo. Toyota Probox, iliyotokea mwaka 2002, haina. Mwili wake wa bati ndio mifupa yake. Kulabu kubwa iliyopachikwa kwenye bati jembamba ni pezi la Cadillac.

Vivyo hivyo vyuma vya kinga vya mbele. Vilibuniwa kwa ajili ya wanyama kama ng'ombe, ambao kifua chao kiko sawa na bampa. Ngamia ni mrefu. Gari likimgonga, chuma hukata miguu, na mwili mzito huangukia kioo na paa, mahali ambapo kinga haipo kabisa. Katika nchi ya ngamia, taa nzuri na mwendo wa pole usiku humlinda dereva kuliko mabomba yale. Mjini nako huumiza watoto, kwa sababu chuma kigumu hufika usawa wa vichwa vyao. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliviwekea sheria mwaka 2005.

Basi mwenye motokaa wa Rhamu afanye nini na fedha zake kidogo? Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi zile, na tela la maji likawa jambo la uhai. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, kabla hujahesabu tela lenyewe. Kama gari lake laweza mzigo huo, na breki zake zaweza kuusimamisha, kulabu iliyofungwa kwenye chasisi itarudisha bei yake kwa kiangazi kimoja. Kama haliwezi, fedha hizo ni afadhali azinunulie magurudumu mazuri, kamba, koleo na akiba ya maji. Zikibaki shilingi, na apake mstari mwekundu ubavuni kama moyo wake wataka, sitamnyima.

Nayo hesabu hii inabadilika. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Mandera, yenye kilometa zipatazo 740, ambayo hupita Wajir, El Wak na Rhamu, imo katika mpango wa kutiwa lami. Kila daraja lijengwalo juu ya laga huipunguzia kamba kazi, wala sitashangaa siku moja nikiona maduka ya Rhamu yakiuza rimu za kung'aa nyingi kuliko koleo.