Ubwege ni wa Nani? Neno Moja na Nguzo Isiyosimama

Katika uhakiki wa Kiswahili, tamthilia ambazo wahusika wake humsubiri asiyekuja, husema yasiyosikilizwa na kufanya kazi isiyofika mwisho, huitwa tamthilia za kibwege. Jina hilo limekwishazoeleka, wala sina nia ya kuling'oa. Nataka kulipima tu, kwa maana wapenzi wa lugha tunajua kwamba jina halikitaji kitu na kuishia hapo, bali humwelekeza mtu upande wa kukitazamia.

Tuanze na asili. Neno la Kizungu tulilolitafsiri latokana na Kilatini absurdus, lililotumika kwa sauti isiyoafikiana na mahadhi. Malenga angelielewa upesi, kama asikiavyo kina kilichokosa mwenzake. Mwaka 1942, Albert Camus alichapisha nchini Ufaransa insha juu ya Sisyphus, yule wa visa vya Wayunani aliyehukumiwa kusukuma jiwe hadi kileleni na kuliona likiporomoka, milele. Kwa Camus, kasoro haimo ndani ya mtu peke yake, wala ndani ya dunia peke yake. Imo baina yao: mtu auliza, dunia yanyamaza. Januari 1953 tamthilia ya Samuel Beckett juu ya watu wawili wanaomngoja Godot ilipanda jukwaani Paris, na mwaka 1961 Martin Esslin akatoa kitabu kilichowakusanya Beckett, Eugène Ionesco na wenzao chini ya jina moja.

Tazama sasa lililotokea neno lilipofika kwetu. Bwege ni mtu: juha, mpumbavu, asiyejua la kufanya. Kasoro iliyokuwa baina ya mtu na dunia imehamia ndani ya kichwa cha mtu, na anayengoja ndiye anayebebeshwa lawama. Je, hivyo ndivyo tamthilia zetu zisemavyo?

Mkoa wetu wa Morogoro una jibu lake. Penina Muhando, ambaye katika maandishi ya kitaaluma hutumia pia jina la Penina Mlama, alizaliwa Berega mwaka 1948, magharibi ya hapa Turiani, ng'ambo ya milima. Tamthilia yake Nguzo Mama ilitoka mwaka 1982, miaka 20 baada ya kuundwa kwa UWT, na katikati ya Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, yaani 1976 hadi 1985. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Wanawake wa kijiji cha Patata wana kazi ya kuisimamisha nguzo. Wajaribu, wakutane, wajaribu tena, na nguzo isisimame. Wanawake hao wametajwa kwa hesabu: Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane. Msimulizi wao aitwa Chizi.

Anayesoma muhtasari huo atadhani Sisyphus amehamia Patata. Lakini Sisyphus yu peke yake na jiwe lake, na waliomhukumu ni miungu. Patata, kila kushindwa kuna sababu inayotajika. Mwanamke afiwa na mume, na ndugu wa marehemu wajitwalia mali. Nyumba nyingine imejaa ugomvi. Wanawake wenyewe hawaelewani, na mikutano yao hutoa maneno mengi kuliko mikono ya kunyanyulia. Uzito wa nguzo ile haushuki kutoka mbinguni. Watoka uani, barazani, na katika desturi za mirathi. Tena angalia kwamba aliyepewa jina la ukichaa ndiye anayeyaona haya yote na kutusimulia, huku walio timamu wakizozana.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1995, Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alitoa Amezidi. Wahusika wake wakuu, Ame na Zidi, wamegawana jina la kitabu, na mwangwi wa Beckett wasikika wazi katika mazungumzo yao. Hata hivyo, wanachokitazamia chajulikana: shibe itokayo mkononi mwa mwingine. Tamthilia yauhoji utegemezi wa nchi zetu kwa misaada ya nje. Godot hatujui ni nani. Mfadhili twamjua kwa jina na anwani.

Yupo atakayesema kwamba basi hizi si za kibwege hata kidogo. Ni tamthilia za kijamii zilizoazima vazi la kigeni. Hoja hiyo ina uzito, kwani msimulizi wa Muhando ana ukoo na fanani wa jadi, wala hakuhitaji ruhusa ya Paris. Lakini mpaka huo haukuwa imara hata ugenini. Novemba 1957 tamthilia ya Beckett iliigizwa mbele ya wafungwa wa San Quentin, Marekani, nao wakaielewa moja kwa moja, ilhali ilikuwa imewatatiza watazamaji wasomi. Mfungwa ajua kungoja ni nini, tena ajua ufunguo uko kwa nani.

Hapa Turiani, penye mashamba ya miwa, somo hili halihitaji jukwaa. Muwa ukishakatwa hauna subira: kadiri siku zipitavyo kabla ya kusagwa, sukari yake hupungua. Mkulima asimamaye kando ya miwa yake akiitazama barabara aweza kuonekana bwege machoni pa mpita njia. Lakini zamu hupangwa na watu, na watu huulizika.

Kwa hiyo, tukiendelea kulitumia neno hili, nasi tutaendelea, yafaa tuliegemeze kwenye hali na si kwenye mtu. Kibwege ni ule mpango unaomfanya mtu mwenye akili zake aonekane hana. Mwanafunzi akifundishwa kwamba Bi Nane na wenzake ni mabwege, atacheka na kukifunga kitabu. Aulizwe badala yake ni nani anayeikalia nguzo ile, naye atalazimika kurudi ukurasa wa kwanza na kuwasikiliza upya.